Kabla fomu haijarudi shuleni

Rau, Moshi
Novemba 2025

Shoga yangu Upendo,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo, mama naye miguu imepungua kuvimba. Najua nimekaa kimya tangu kipaimara cha mtoto wa Mama Elia, utanisamehe, lakini leo nina shida.

Ni shemeji yako. Kamchukulia Glory fomu ya darasa la kwanza kwenye shule moja ya Kiingereza huku, jina nakuhifadhia. Glory huyu huyu aliyetimiza mitano Oktoba! Namwambia sera mpya inasema darasa la kwanza ni miaka sita, na kabla yake mwaka mmoja wa awali. Ananijibu eti wamesema akifaulu intavyuu hakuna neno. Intavyuu ya mtoto wa miaka mitano! Walimwonyesha picha ya tembo, akaitaja kwa Kiingereza, wakampigia makofi. Tangu siku hiyo baba mtu haambiliki.

Sisi tulianza na saba, tena wengine bila cheti cha kuzaliwa, unapitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Elisante si alirudishwa nyumbani kwa ajili ya mikono yake mifupi? Leo ndiye anayetukopesha wote. Nilimkumbusha baba Glory, akacheka, akasema zama zimebadilika.

Sasa mimi siogopi masomo. Herufi anazijua, na kuhesabu anahesabu mpaka wageni wanaaga. Naogopa huko mbele. Zamani hata ukiwahishwa, darasa la saba lilikuwepo la kukukomaza. Sasa msingi ni miaka sita. Akiingia Januari hii, kidato cha kwanza anakikuta ana kumi na moja, na baba yake unamjua, atataka bweni. Kumi na moja, Upendo! Mimi umri huo nilikuwa naogopa kwenda chooni usiku, wewe ndiye ulikuwa unanisindikiza, usijifanye umesahau.

Halafu kuna hilo basi lao. Linapita barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sasa hivi yuko chekechea ya kanisani, hapo tu ng'ambo ya mfereji, na bado juzi nimemkuta mezani na sweta lake, soksi mguu mmoja, kijiko cha uji mdomoni, kalala fofofo. Huyo nimwamshe saa kumi akasome nini?

Mama mkwe naye kadakia, Wazungu wanaanza mapema. Nikamwambia Uingereza ndiyo, miaka mitano, lakini Ufini darasa la kwanza ni saba na hakuna anayewaita wajinga. Akaniuliza Ufini ni wapi. Yakaishia hapo.

Sisemi akae nyumbani acheze. Nataka mwakani aende awali hapa shule ya serikali, ada hakuna, anatembea na wenzake, darasa la kwanza aingie 2027 ana sita yake kamili. Na hiyo ada si tungemalizia ukuta! Lakini nikisema mimi naambiwa namdekeza.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe umefundisha wadogo miaka yote hiyo huko Arusha, na neno lako shemeji yako analishika kuliko langu. Mpigie Jumapili baada ya ibada. Usimwambie nimekuandikia. Anza na habari za mpira, Yanga wakiwa wameshinda kazi itakuwa nyepesi.

Na uniambie ukweli: hao wa miaka mitano mnaoletewa darasa la kwanza, wanaendeleaje wakifika la pili? Au ni woga wangu tu? Vyeti vya kuzaliwa mnaviangalia kweli, au mzazi akisisitiza mnapokea? Na Brian wako si yuko kwenye lile kundi la 2027, darasa la sita na la saba kumaliza msingi pamoja? Nafasi za kidato cha kwanza wamewaambia zitakuwaje? Halafu Mama Jose ile hela karudisha?

Fomu inatakiwa Jumatatu, nimeificha chini ya vitenge.

Wako,
Mama Glory