Bosi mchawi hakimbizwi, anasubiriwa

Mhariri,

Ushauri wa ukurasa wenu wa michezo ya video kwamba bosi mdogo mchawi (adui mwenye nguvu anayekutwa kabla ya bosi mkuu) anashindwa kwa kumkimbiza unawapoteza wachezaji.

Chukua Wizzrobe wa The Legend of Zelda: Majora's Mask (2000), anayelinda mishale ya moto katika hekalu la Snowhead. Hutoweka, huibuka kwingine chumbani, kisha hurusha uchawi. Ukimfuata mbio, unafika ameshaondoka. Simama katikati, pasipo mbali na kona yoyote. Zungusha kamera bila kuhama; akianza tu kuonekana, mpige kabla hajarusha, kisha rudi katikati. Tamaa ya pigo la ziada ndiyo inayowaponza wengi: mchawi ameyeyuka, upanga unakata hewa, na hadi mkono urudi huwezi kukwepa chochote.

Lakini si kila kosa ni la mchezaji, mengine ni ya watengenezaji wa mchezo, na hili ukurasa wenu ungelisema wazi. Mchezo ukienda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, ishara ya fremu 15 kabla ya shambulio ni robo sekunde, karibu muda uleule ambao jicho na kidole vinahitaji kuitikia. Hapo mtu anabahatisha tu. Fremu 40 hadi 45 zinatosha, na mlio wa kuibuka utoke upande aliko mchawi, maana mara nyingi yuko nyuma ya kamera. Kumpunguzia uhai hakusaidii kitu ikiwa haonekani.

Msomaji wenu,
Mpenzi wa michezo ya video