Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kigaeli Kisiishie Kwenye Vibao

Ndugu wanachama,

Naanza na sensa ya Kigaeli, lugha ya asili ya kwetu Uskoti, maana inatugusa sisi wenye nyumba za wageni na waongozaji wa watalii wa Lewis na Harris. Uskoti nzima, wenye ujuzi wowote wa Kigaeli walipanda kutoka 87,056 mwaka 2011 hadi 130,161 mwaka 2022. Huku kwetu Outer Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Uskoti vyenye Lewis na Harris, wanaokizungumza wameshuka, kutoka asilimia 52 hivi hadi 45. Mgeni anaweza kushuka feri Stornoway, akazunguka wiki nzima, akaondoka hajasikia neno la Kigaeli. Adabu yetu inachangia: watano wanazungumza Kigaeli, akiingia mmoja asiyekijua, wote wanahamia Kiingereza. Kwa hiyo kamati imeelekeza nguvu kwenye shughuli zisizofanyika bila lugha yenyewe.

Iliyofaa zaidi ni luadh, kazi ya kukaza kitambaa cha sufu kwa kukipiga huku mkiimba. Watu kumi au kumi na wawili wanazunguka meza ndefu ya mbao tupu. Kitambaa kimeloweshwa na ncha zake zimeshonwa pamoja; kila mtu anakigonga mezani kisha anakisogeza kwa jirani wa kushoto, kufuata mwendo wa jua. Zamani kililowekwa kwenye mkojo uliochacha, kwa ajili ya amonia yake. Siku hizi maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha, na hakuna mgeni aliyelalamika. Kiongozi anaimba ubeti, wengine wanaitikia. Viitikio vingi ni silabi zisizo na maana, ndiyo sababu hata asiyejua lugha anaimba.

Yanayoharibika yanajulikana. Wimbo ukianza kwa kasi, wageni wanapoteza pigo na kitambaa kinarundikana mbele ya mtu mmoja. Anzeni taratibu, na kiitikio kifundishwe dakika kumi kabla ya kukaa. Wageni wakizidi viti, wa nyuma wanageuka wapiga picha. Kwa desturi wimbo haurudiwi katika luadh moja, basi kiongozi awe na akiba. Waimbaji walipwe, chai na keki si malipo. Pia semeni ukweli: Harris Tweed, kitambaa cha sufu cha visiwa vyetu, kwa sheria ya 1993 hufumwa kwa mkono majumbani mwa wenyeji wa visiwani, lakini kukaza sasa hufanywa viwandani. Luadh yetu ni onyesho la kazi iliyokuwapo, ila nyimbo ni hai.

Vibao bado vinatuaibisha. Neno la kukaribisha ni Fàilte, alama ya juu ya a ikishuka kuelekea kulia. Fáilte ni ya Ireland, na mashine za kutafsiri huzichanganya. Majina ya mahali yachukuliwe kwenye hifadhidata ya Ainmean-Àite na h-Alba, ya majina ya mahali ya Uskoti kwa Kigaeli, msiyabuni. Wafanyakazi wafundishwe kumshukuru mgeni kwa tapadh leibh, yaani asante ya heshima. Tapadh leat ni ya rafiki au mtoto.

Jumapili hatuuzi chochote. Zaburi za Kigaeli kanisani, mtangulizi akitoa mstari na waumini wakiufuata kila mmoja kwa madoido yake, ni ibada. Mgeni anakaribishwa kukaa na kusikiliza, simu ikiwa imezimwa.

Maneno ya vibao vipya yamfikie katibu kabla hayajaenda kwa mchapaji. Mkutano mkuu utapigia kura pendekezo la kamati: kwenye luadh, tiketi zisizidi viti vilivyopo mezani.