Mtuambie pia swali lililopigiwa kura

Mhariri,

Kila yanapotokea mauaji ya risasi Marekani, magazeti yetu, hili likiwamo, huandika kwamba mwanasiasa fulani "alipinga udhibiti wa bunduki" au "aliunga mkono". Vijiwe vya kahawa kuanzia Kariakoo hadi Mwenge humalizia kazi iliyobaki. Ninaomba waandishi wenu waongeze mstari mmoja tu: siku hiyo wabunge waliulizwa nini hasa.

Chukueni mfano wa Bernie Sanders, mwanasiasa wa jimbo la Vermont, Marekani. Novemba 1993, akiwa Baraza la Wawakilishi, aliikataa Sheria ya Brady, iliyomtaka mnunuzi wa bastola asubiri siku 5 ili rekodi yake ikaguliwe. Mei 1994 akapiga kura ya ndiyo kuzuia bunduki za mtindo wa kivita, na hoja ikapita kwa kura 216 dhidi ya 214. Mwaka 2005 akaunga mkono sheria inayowakinga, kwa sehemu kubwa, watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasishtakiwe kwa uhalifu wa mtu aliyeitumia silaha hiyo. Mwaka 2013 na 2022, sasa akiwa Seneta, alipiga kura upande wa udhibiti. Anayetaka kumchafua atataja 1993 na 2005, anayetaka kumsafisha atataja 1994 na 2013, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa amesema uongo.

Tena hiyo ya 2005 ilikuwa na mengi ndani yake. Pamoja na kinga kwa wenye viwanda, sheria ileile iliwalazimu wafanyabiashara wenye leseni kuuza bastola ikiwa na kufuli au kifaa cha usalama. Sheria ya uhalifu ya 1994 nayo ilibeba magereza, polisi wapya na adhabu ya kifo, huku katazo la bunduki likiwa sehemu moja tu ya furushi. Mbunge hupiga kura moja kwa furushi zima, kwa hiyo kumhukumu kwa kipengele kimoja ni kumwonea, au kumpendelea.

Ila panapowaangusha wengi ni kura za Aprili 17, 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook. Maseneta Manchin na Toomey walileta marekebisho namba 715 katika muswada S. 649, ili wanunuzi wa bunduki kwenye maonyesho na kwa matangazo ya intaneti nao wakaguliwe. Ndiyo zilikuwa 54, hapana 46. Hoja ikaanguka, kwa sababu zilihitajika kura 60. Ukisoma majina ya wale 46 utamkuta Harry Reid, wakati huo kiongozi wa walio wengi katika Seneti na mtu aliyeuleta muswada wenyewe! Hakuwa amegeuka. Kwa kanuni za Seneti, aliyepiga kura upande ulioshindwa haruhusiwi kuomba kura irudiwe, na Reid alihama ili mlango usifungwe kabisa. Orodha inayohesabu ndiyo na hapana bila kusoma kanuni humweka kapu moja na wapinzani wa muswada wake.

Siku hiyohiyo Seneta Cornyn alileta marekebisho ya kumruhusu mwenye kibali cha kubeba silaha iliyofichwa aingie nayo katika majimbo mengine. Nayo yalipata kura 57 yakaanguka. Hapo aliyesema hapana ndiye aliyetaka udhibiti. Kwa hiyo mwandishi anayejumlisha "hapana" za siku nzima anajumlisha vitu vinavyopingana.

Alama ambazo NRA, chama cha Marekani kinachotetea umiliki wa bunduki, huwapa wanasiasa, zile za A hadi F, zitumiwe kwa tahadhari. Chama hicho huchagua chenyewe kura za kuhesabu, na mwaka 2009 kilitangaza kwamba kura ya kumthibitisha Sonia Sotomayor kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani itaingia kwenye alama. Hiyo haikuwa kura ya bunduki.

Zipo pia sheria zisizo na majina ya wapiga kura kabisa. Baada ya mauaji ya chuo kikuu cha Virginia Tech ya 2007, Marekani ilitunga sheria ya kuboresha kumbukumbu zinazotumika kukagua wanunuzi wa bunduki. Wawakilishi waliipitisha kwa sauti, Seneti kwa ridhaa ya wote. Tafuta nani alisema ndiyo, hutapata.

Hilo si geni kwetu. Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Dodoma, karibu muswada wowote, na mwisho wa mjadala utasoma: "(Hoja ilitolewa iamuliwe) (Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa)". Basi. Majina ya wapiga kura huyapata kwenye bajeti kuu ya Serikali, ambapo wabunge huitwa mmoja mmoja. Kwa hiyo mkiandika kuhusu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015, msikimbilie kuandika kwamba mbunge fulani "aliipigia kura" kwa sababu tu alikuwa bungeni mwaka huo. Someni mchango wake katika mjadala wa Kusomwa Mara ya Pili, kisha mwende Kamati ya Bunge Zima, ambako ibara hupitiwa moja baada ya nyingine. Aliyeleta jedwali la marekebisho hutajwa kwa jina, pamoja na maneno aliyotaka yafutwe au yaongezwe na jibu la Waziri. Kazi hiyo ni ya kurasa nyingi na macho yatauma, lakini msimamo wa mbunge wetu juu ya silaha uko humo.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam