Maulidi yetu hayana tikiti

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, alhamdulillahi. Babu yako mguu bado unamsumbua, lakini Ijumaa haimpiti.

Ujumbe wako nimeusoma na nimeurudia. Wewe na wenzako huko Nairobi mnataka kusaidia Maulidi ya mwezi wa mfungo sita ujao: mweke uzio, muuze tikiti za mbio za punda, viti vya mbele wapewe wageni wanaolipa, kisha pesa ziende madrasa. Nia yenu njema, na nimefurahi kwamba hujausahau mui wako wa Lamu. Uzio huo lakini mimi siutaki. Nitakueleza sababu, maana naona hapa nyumbani hatukukuhadithia vya kutosha.

Habib Swaleh, aliyetuletea Maulidi haya, hakuzaliwa Lamu. Alitoka Ngazija, visiwani Komoro, akaja hapa karne ya 19, angali kijana. Alikuwa sharifu, wa kizazi cha Mtume, wa ukoo wa Jamalullayl, na angetaka angejikalia na wakubwa wa majumba ya mawe huko Mkomani. Yeye akajenga maisha yake upande wa Langoni, penye nyumba za makuti, akawasomesha watu ambao mji haukuwatia hesabuni: wahamiaji, watumwa, watoto wa watumwa. Fikiri ni zama gani hizo! Utumwa pwani yetu umefutwa kisheria mwaka 1907, na yeye alikuwa ameshaanza zamani kuwakalisha watu hao mkekani na kuwafunza dini. Wangwana wengi hawakupendezwa. Elimu ilikuwa ya nyumba fulani fulani, na kila mtu alijua akae wapi.

Kisha akaleta Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, yakasomwa kwa matari ndani ya msikiti. Hapo ndipo maneno yalipozidi. Wako waliosema ni uzushi, na hadi leo wapo wasemao hivyo. Mimi naamini alijua alitendalo. Asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kuitikia. Anaweza kupiga tari, anaweza kuingia kwenye safu akayumba na wenzake bega kwa bega, wala asiulizwe ni mtoto wa nani. Umewaona wapigaji wakiyapasha matari yao motoni kabla ya kuanza, ngozi ikaze, huku mmoja akiligonga lake kwa ncha za vidole na kutega sikio, halafu alirudishe motoni tena? Kazi hiyo haikuhitaji ukoo. Msikiti wake wa Riyadha uliposimama mwanzoni mwa karne ya 20, watu walikuwa wakimiminika Langoni, na Habib alipofariki mwaka 1935, wanafunzi wake walikuwa wameshayafikisha Maulidi hayo mbali na kisiwa hiki.

Michezo imekuja baadaye. Mashua, kuogelea, bao, mbio za punda, yote hayo yameongezwa pembeni ya Maulidi, na watu wa Makumbusho ya Taifa wamesaidia kuyapanga. Mji ulipoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, wageni wa kamera nao wakaongezeka. Sina ugomvi nao, waje tu.

Ila watazame vijana wanaoshindana na punda. Ndio hao hao wanaobeba mchanga na mawe kutoka majahazini mwaka mzima, wanaopigiwa kelele wapishe njia kwenye vichochoro. Siku ile kijana anakaa nyuma kabisa karibu na mkia, bila tandiko, miguu inaning'inia, na njia nzima ya pwani inalitaja jina lake. Sasa wewe ukiviuza viti vya mbele, mamake atasimama wapi?

Na wale wanaokuja kwa mashua kutoka Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, au kwa basi kutoka Malindi na Mombasa, wanalala majumbani mwetu na kula sinia moja nasi. Sijapata kusikia mgeni wa Maulidi akitozwa hapa kwetu. Ukianza na tikiti ya punda, mwakani mtu atafikiria tikiti ya zefe, maandamano yetu ya Maulidi.

Pesa za madrasa tutazitafuta kwa njia nyingine, na nyinyi mna kazi nyingi za kufanya. Changeni nauli za mashua kwa wazee wa Pate ambao siku hizi wanashindwa kuja. Nunueni ngozi za matari, maana zilizopo zimechakaa. Wekeni kivuli na maji kwa punda kule mbio zinakoishia, jua lile halina huruma na mnyama hasemi. Na baada ya Ijumaa, zefe likishapita, leteni watu wa kufagia pwani. Taka zinazobaki hunitia uchungu kila mwaka.

Wenzako uliosema wanataka kuja, waje. Dini yao si hoja. Wavae kwa heshima, na wakitaka kupiga picha msikitini waulize kwanza. Mwezi ukiandama nitakupigia, nawe uniambie mko wangapi na wa kike ni wangapi, nijue chumba cha juu nikitengee nani na magodoro nikaazime kwa shangazi yako mapema, kabla wageni wa Faza hawajayachukua.

Mamako