"Kata ya wapi, meku?"

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya baa za "mbege ya kisasa" hapa Moshi imenishinda. Eti sasa mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, inanywewa kistaarabu. Kumbe sisi tulikuwa tunainywa kishenzi?

Jumapili baada ya ibada nilimpeleka shemeji yangu wa Tanga, ambaye hajawahi kuionja, kwenye mojawapo ya baa hizo. Ikaletwa kwenye glasi ya plastiki, na barafu juu. Barafu, Mhariri! Ulezi umetuama chini kama mchanga wa mtoni. Nikamwambia kijana aniletee kata. Akanitazama mimi meku, yaani mzee, akauliza, "Kata ya wapi, meku?" Alidhani natafuta ofisi ya mtendaji wa kata. Ikabidi nimfundishe: kata ni kile kibuyu ambacho mama aliyepika hukionja yeye kwanza mbele yako ndipo akukabidhi, nawe ukishapiga mafunda unampa wa pembeni, hata kama jana mligombania zamu ya mfereji. Mbege haikai. Ndizi zichemshwe, zilale siku kadhaa, ulezi uoteshwe, usagwe, upikwe uji, gome la mti wa msesewa litie uchungu, vichanganywe; leo inanyweka, kesho kutwa ni siki. Kwa hiyo aliyepika alilazimika kuita kijiji kizima, na kijiji kikija kinasalimiana. Kwenye baa ile kila mtu ana glasi yake na simu yake, atapatana na nani? Nilipoulizia kisusio, ile supu yetu ya damu, nikaambiwa jikoni kuna chipsi. Shemeji amerudi Tanga anasimulia kwamba mbege ni togwa iliyochacha.

Halafu hiyo spika ya baa. Mimi nakaa mtaa wa pili, lakini kuanzia saa nane mchana vikombe vinacheza kabatini. Bodaboda nazo zimegeuza mlango wangu kijiwe. Nikitaka kutoka, naomba njia kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Napendekeza afisa biashara, kabla ya kutoa leseni, aingie baa na kuhesabu kwa mkono wake kata 12 zilizotundikwa ukutani, kisha amuulize mwenye baa msesewa ni nini. Akijibu kwamba ni jina la mtaa, faili lifungwe palepale. Diwani naye awepo. Yeye kata anaijua, ndiyo inayompa posho.

Mstaafu,
Moshi