Korodani ya mwanangu haijashuka, mume hataki kisu

Daktari, shikamoo.

Mwanangu wa pekee ana miezi kumi. Siku aliyozaliwa nesi aliandika kwenye kadi kuwa korodani ya kulia haijashuka, akanituliza kwamba nyingi hushuka zenyewe kabla ya miezi sita. Basi ikawa kila nikimwogesha nampapasa taratibu. Kushoto nakuta kitu kama punje ya haragwe, kulia ngozi tupu imenywea. Miezi sita ikapita, ni vilevile.

Tulimpeleka kwa daktari wa upasuaji. Alisugua viganja vikapata joto, akaitafuta, akaikuta kinenani. Alisema mfuko umewekwa nje kwa sababu mbegu zinataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Korodani ikibaki juu, chembe za kuja kutengeneza mbegu huanza kupungua mapema, kwa hiyo anataka kumfanyia upasuaji kabla hajafikisha miezi 18.

Mume wangu hataki kusikia kisu wala nusu kaputi. Kaka yake aliyeko Ujerumani amemwambia huko kuna homoni ya kupuliza puani, na hapa Tanga zahanati moja iko tayari kumchoma mtoto sindano za homoni iitwayo hCG kwa wiki kadhaa. Nilipomuuliza daktari, alisema homoni hushusha kama moja kati ya tano, na baadhi hupanda tena. Hata mwongozo wa mabingwa wa mfumo wa mkojo wa Marekani, wa mwaka 2014, unakataza kuzitumia kushushia korodani.

Ila aligusia jambo lililonichanganya. Mtoto wa kiume akiwa na miezi miwili au mitatu, mwili wake hutoa homoni nyingi kwa muda mfupi, na ndizo zinazokomaza zile chembe. Kuna madaktari Ulaya wanaotoa homoni baada ya upasuaji ili kufidia pale homoni hizo za mwanzo zilipopungua, lakini wenzao hawajakubaliana nao. Nje foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kuendelea kuuliza.

Sasa mama mkwe. Yeye hoja yake ni moja: "Baba yake zote mbili zilikuwa juu, tulimpeleka hospitali yuko darasa la nne, na leo si huyu hapa ana mtoto?" Ni kweli. Asichokijua ni kwamba mtoto huyo tumemtafuta miaka sita, na majibu ya vipimo yalionyesha mbegu za mwanawe ni chache sana. Mume aliniapisha nisimwambie mtu. Miaka yote sita mama mkwe alinisema mimi, hadi harusini, nikanyamaza.

Naomba unisaidie. Tukijaribu sindano kwanza wakati tunasubiri tarehe ya upasuaji, zinaweza kumdhuru? Homoni za baada ya upasuaji, kwa mtoto mwenye tatizo upande mmoja tu, kuna haja ya kuzihangaikia? Na mama mkwe anakuja Ijumaa, nitamjibu nini bila kumwanika mume wangu? Yeye mwenyewe nikimgusia vile vipimo vyake anatoka nje, anarudi tumeshalala.

Mama K., Tanga