Wadhamini walipie msimu, wasilipie klipu

Mhariri,

Kampuni nyingi za hapa Nairobi zimeanza kuhamishia pesa za matangazo kwenye vipindi vinavyoonyeshwa mtandaoni pekee. Hilo naliunga mkono. Nisiloliunga ni jinsi pesa zenyewe zinavyotolewa.

Utaratibu ni huu. Chaneli ya vichekesho ikishapata watazamaji, wakala wa matangazo hupiga simu: tunataka klipu ya dakika moja, sabuni ionekane, mhusika aisifu mara tatu, na iwe tayari Ijumaa. Malipo? Baada ya siku 90, ukibahatika. Lakini aliyekodisha kamera, msusi na mwenye nyumba aliyetuachia sebule wanataka chao usiku uo huo. Mimi huandika skripti za vipindi hivi. Nimeona kipindi kizuri kikizimika katikati ya msimu watazamaji wakiwa bado wanakidai, kwa kuwa ankara ilikuwa "iko kwa idara ya fedha".

Wapo watakaosema YouTube inalipa. Ni kweli, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Ila kuyafikia mapato hayo kunataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, na tangazo linalomlenga mtazamaji wa Kayole huuzwa bei ya chini kuliko linalomlenga wa Chicago. Kipindi chenye waigizaji sita hakiishi kwa hayo. Ndiyo maana wengi wetu huishia kuwa mtu mmoja, wigi tatu na simu. (Wapo wanaofanya maajabu kwa wigi hizo, sikatai.)

Marekani walilipitia hili mapema. Mwaka 2007 mwigizaji Felicia Day alianzisha The Guild, vichekesho kuhusu wacheza michezo ya kompyuta, akachangiwa na watazamaji wenyewe ili amalize msimu wa kwanza. Wa pili ukadhaminiwa na Microsoft na Sprint, naye akabaki mwenye kipindi chake. Kikaendelea hadi misimu sita. Nasi vipaji tunavyo: kikundi cha wasanii wa hapa Nairobi, Nest Collective, walipotoa kipindi cha Tuko Macho kwenye Facebook mwaka 2016, watazamaji walipiga kura kuamua hatima ya washukiwa katika hadithi. Mtazamaji wa namna hiyo, anayerudi kila wiki na kubishana, ana thamani kwa mfanyabiashara kuliko maelfu waliopitisha kidole juu ya klipu wakingoja matatu ijae.

Tangazo nalo lisemwe kuwa ni tangazo. Miaka ya 1930 kampuni za sabuni zilidhamini michezo ya redio huko Marekani, na msikilizaji aliijua sabuni kabla hajawajua wahusika. Hakuna aliyedanganywa. Leo unamwona mchekeshaji akisimulia jinsi programu fulani ya mikopo ilivyomwokoa, na huwezi kujua kama ni kisa cha kweli au ni kazi aliyolipwa. Watoto wetu ndio hasa hawawezi.

Serikali, kwa upande wake, ilishakubali kwamba hii ni kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali, baada ya pendekezo la asilimia 15 kupigiwa kelele. Mkato huo hausahauliki kamwe. Kinachosahaulika ni malipo yenyewe.

Kwa hiyo mameneja wa mauzo wanaosoma ukurasa huu, tufanye mkataba wa msimu mzima. Nusu ilipwe kabla kamera haijawashwa, iliyobaki ndani ya siku 30, na skripti tuachieni sisi, isipokuwa mkiona tumekosea kuandika jina la bidhaa yenu.

Mwandishi wa skripti,
South B, Nairobi